Pikapu Aliyoiuza Eliakimu

Eliakimu wa Lisekese alimuuzia mdogo wake Winfrida pikapu ya bluu bila kinyongo, kwa sababu aliiona imekwisha. Miaka yote ilishinda juani hadi rangi ya boneti ikapauka na kubanduka. Nyuma alibebea salfa ya kupulizia mikorosho bila kutandika kitu, na kutu ikawa inakula milango kwa chini.

"Itakufaa kubebea kuni," alimwambia.

Mwaka uliofuata alipanda Newala kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yao. Maharusi wakateremka kwenye pikapu ya bluu inayong'aa, vigelegele vikapigwa. Eliakimu akaisoma namba, akairudia. Ndiyo hiyohiyo!

"Gari langu lile," akamwambia aliyeketi naye.

"Acha utani, mzee."

Pilau ikamshinda. Winfrida akaja kumwamkia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Pikapu umeifanyaje?"

Winfrida akaeleza bila kuringa. Alikwangua kutu kwa msasa mpaka bati likawa safi, akapaka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Akaijengea banda la nyasi jua lisiifikie, na huipaka nta mara kwa mara.

"Salfa naitandikia turubai na kuifunika. Ikilowa inakula bati. Nikishusha naosha, ingawa maji ya huku unayajua yalivyo ya shida."

Eliakimu alisikiliza, macho kwenye pikapu. Mbona kwake haikung'aa hivyo hata siku moja?

"Niuzie tena."

"Hapana, kaka."

Mvua zilipokaribia kuisha, alipanda tena kumjulia hali shangazi. Ghala la Newala lilikuwa limeishiwa salfa, na Winfrida, ambaye ni mwalimu hukohuko, hakupata ruhusa kazini. Akampa kaka yake ufunguo akamchukulie mifuko Masasi.

Turubai lilikuwa nyuma ya kiti. Eliakimu aliliona, akaliacha palepale. Mfuko mmoja ulipasuka wakati wa kupakia. Alipoketi mgahawani kunywa chai, mvua ikashuka. Hakuinuka. Alitazama maji ya njano yakichuruzika kwenye bodi, akajisikia raha ambayo hakuwa ameipata tangu harusini. Chai ilipokwisha, raha nayo ikawa imekwisha. Njia nzima ya kupanda Newala alitafuta uongo wa kusema.

Hakuupata. Winfrida alitazama bodi, akatazama turubai kavu lililokunjwa vilevile.

"Ulitaka irudi ilivyokuwa, siyo?"

"Ndiyo," Eliakimu akajibu, macho chini.

Winfrida akageukia gari. Alishusha mifuko, akaleta ndoo, akazibua kwa waya vitundu vya chini ya milango ili maji yatoke. Eliakimu akaokota kitambaa amsaidie.

"Kaa, kaka. Usiiguse."

Akakaa. Aibu ilimbana, lakini wivu haukumtoka: alimwona dada yake akiipangusa boneti taratibu kama anayemwogesha mtoto, akatamani mikono ile ingekuwa yake.

Msimu mwingine Winfrida alimtuma jirani yake, Dastani, kuchukua salfa. Eliakimu akakutana naye Masasi, ameegemea pikapu.

"Haijashika kutu?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Hata kidogo, mzee wangu. Mama anaitunza kweli."

Eliakimu akaitikia kwa kichwa, akasingizia haraka, akaenda zake.