Kengele ya Bibi Hapana

Jamani, kaeni, maana nikianza sitaki kukatizwa. Daraja letu limebaki na jina lake! Limebaki! Na aliyeliokoa ni mbuzi. Sawa, si mbuzi peke yake, lakini mkifika mwisho mtaniambia kama nimetia chumvi.

Jumapili ilikuwa arobaini ya Bibi Efterpi. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, hata wale wa mjini Yanina waliokuja na visigino virefu kwenye mawe yetu, shauri yao. Huyu bibi alizaliwa Aleksandria, baba yake mtu wa huku aliyetajirika kwa pamba. Alipohamia kwetu, watu walisema hamalizi baridi moja. Akamaliza hamsini. Mali yake yote aliimwaga milimani: mapaa ya mawe, chemchemi, shule ya zamani, njia za nyumbu. Na ule msitu wa juu ya kanisa, ambao mababu waliulaani kwamba atakayekata hata kijiti asizikwe na padri? Walipotaka kupitisha barabara mle, alibeba kiti chake cha jikoni, akakaa mbele ya tingatinga siku tatu anafuma soksi. Dereva akimwomba apishe, jibu moja tu: "Hapana."

Ndilo lilikuwa neno lake. Unataka dirisha la alumini? Hapana. Saruji kwenye ukuta wa mawe? Hapana, na aibu juu yako. Tukamwita Bibi Hapana. Alijua, na alipenda.

Sasa daraja. Kwetu daraja linabeba jina la mtu wa mwisho aliyetoa mali yake kulitengeneza. La aliyemtangulia linafutika, watu wanalisahau. Letu ni Daraja la Gatsios, kwa sababu zamani sana msagishaji mmoja wa jina hilo, mwenye kinu cha maji, aliuza nyumbu wake wote likajengwa upya baada ya mafuriko. Gatsios wa mwisho ni babu yangu Lambros, mzaa mama. Kazaa mabinti watatu, basi. Jina likitoka darajani, limekwisha duniani.

Na miaka ishirini iliyopita Bibi Efterpi alilitengeneza tena, babu akiwa fundi wake mkuu wa mawe. Kijiji kikataka kuliita kwa jina lake. Mnajua alivyojibu: "Nikiwa hai, hapana."

Hayo maneno mawili, "nikiwa hai", ndiyo yaliyotuletea balaa.

Tulipomaliza kula ile ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, yenye sukari na komamanga, tukaenda mkahawani kwa Mama Aglaia. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Kleanthis, akasimama na kukohoa.

"Ndugu zangu, marehemu alikataa akiwa hai. Sasa hayupo. Kizuizi kimeondoka. Kuanzia leo liitwe Daraja la Efterpi."

"Mwone!" Mama Aglaia akadakia na sinia lake. "Mwenzako ana siku arobaini tu kaburini, ushaanza kubishana naye?"

"Akiwa hai nilithubutu, mama?"

Watu wakacheka, makofi yakapigwa. Kisha akanigeukia mimi. "Na kibao ataandika Polyxeni. Shahada ya historia si mapambo."

Mimi! Nilifute jina la babu kwa mkono wangu mwenyewe!

Nikamnong'oneza babu, "Sema kitu."

"Niseme nini? Yule mama alistahili madaraja kumi. Mimi nani nimnyime moja kwa ajili ya msagishaji aliyekufa zamani?"

"Ni jina lako, babu."

"Kunywa kahawa yako."

Lakini yake mwenyewe aliisukuma pembeni, akageuza kiti kuelekea darajani.

Nikasimama. "Mwenyekiti, mimi siandiki."

"Kwa nini, binti yangu?"

Miaka minne ya chuo, makaratasi chungu nzima, halafu sina hoja hata moja! Maana ukweli ni kwamba bibi alistahili. Nimebaki nimesimama hivyo, ndipo tukasikia ngoo, ngoo, ngoo. Mbuzi wa Zisis mchungaji wanapita, mbele yao beberu lake kubwa linaloitwa Waziri, na kengele yake shingoni kama kawaida. Siku zote Zisis hupita tu. Safari hii akasimama mlangoni, kofia mkononi, mweupe kama jibini.

"Mnazungumzia daraja?" akasema. "Basi nisikieni kabla sijaghairi. Marehemu aliniuliza mara tatu. 'Zisis, hukuona kengele mtoni?' Mara tatu nikamjibu hapana."

Niwaeleze kidogo. Chini ya tao la daraja kuna ndoano ya chuma, imeota kutu. Zamani ilining'inia kengele pale. Upepo wa bondeni ukivuma kwa nguvu ililia, na msafiri akajua asivuke, atapeperushwa yeye na nyumbu wake. Ilipotea mama yangu hajazaliwa. Bibi Efterpi aliitafuta miaka ishirini, mpaka akaingiza watu mtoni na machekeche.

"Baba yangu aliiokota," Zisis akasema. "Ndiyo hiyo, shingoni kwa Waziri. Kundi halifuati kengele nyingine, jamani, ningefanyaje? Nikasema nitamwambia mwakani. Mwakani. Halafu akafa."

"Mama wa Mungu!" Mama Aglaia akaweka sinia chini. "Imepita mlangoni kwangu asubuhi na jioni, naye kakaa hapo hapo dirishani anakunywa kahawa!"

"Bibi Hapana kaambiwa hapana!" akapiga kelele mtu wa nyuma, na mkahawa ukapasuka kwa kicheko. Hata Zisis alicheka, machozi yanamtoka.

Babu hakucheka. Alitoka nje, akapiga goti mbele ya beberu, akasugua kengele kwa kidole gumba. Alama ikajitokeza: gurudumu la kinu.

"Ya kwetu," akasema polepole. "Aliitundika yule msagishaji."

Hapo ndipo akili yangu ikarudi. "Mwenyekiti! Hiyo kengele ikilia, inasema nini?"

"Inasema usivuke."

"Yaani?"

Kleanthis akakunja uso. Mama Aglaia ndiye aliyeelewa. "Yaani hapana!" akapaza sauti. "Jamani, inasema hapana!"

Basi ikawa imekwisha. Daraja libaki la Gatsios, na kengele, maana inasema neno lake, iwe ya Efterpi. Mikono yote juu, na wa Kleanthis juu kuliko yote. "Amenishinda tena," akasema, "na safari hii hata hayupo."

Jumanne tukaitundika. Babu, na miaka yake sabini na minane, alikataa mtu mwingine kushuka kwa kamba. Aliyeishika kamba ni Zisis, aliomba mwenyewe. Saa tisa upepo ukaja, kengele ikalia bonde zima. Kleanthis alikuwa ndiyo kwanza anaweka mguu darajani. Akaurudisha.

"Nimesikia, mama, nimesikia," akasema, akaketi ukutani mpaka upepo ukatulia.

Shida imebaki kwa Waziri. Amevalishwa kengele mpya, hataki. Kila jioni anakwenda kusimama darajani anasikiliza ile ya zamani, kundi lote nyuma yake, na Zisis anatukana mpaka padri anaziba masikio.

Na kibao nimeandika. Leo asubuhi nimempelekea babu akione kwanza. Akasoma kwa kidole, herufi moja moja: *Daraja la Gatsios. Kengele ikilia, Bibi Efterpi amesema.*

"Umesahau neno," akaniambia.

"Lipi?"

"Amesema nini?"

"Babu, yupo asiyejua?"

Akafikiri. Kisha akapitisha mkono wa shati juu ya lile neno Gatsios, kama anafuta vumbi, na vumbi lenyewe halikuwepo.