Mikono ya Mnawishaji

Nesi wa zahanati hakuzunguka mbuyu. "Mikono, mama. Huyu mtoto hanawi."

Nilikasirika. "Goodness? Huyu ndiye anayetunawisha nyumba nzima!"

Ni kweli. Kwa wakwe zangu, hapa Mafinga, mtoto mdogo kuliko wote ndiye hupita na jagi na beseni kabla ya chakula. Anapiga magoti mbele ya babu yake, anamimina, anasogea kwa bibi, kwa baba yake, kwangu. Miaka minne, na hamwagi hata tone. Wageni humsifu. Na kuhara kulikuwa kumemrudia mara tatu tangu Pasaka.

"Safari hii amepona," nesi alisema, akimfinya ngozi ya tumboni. "Ya nne sijui. Mwili hauna tena cha kupungua."

Nikarudi naye mgongoni, mwepesi kama kanga iliyokauka. Ukungu ulikuwa umeshuka, misonobari imebaki vivuli, na misumeno ya viwanda vya mbao ililia mbali kana kwamba inapasua mawingu.

Alasiri nilimkuta nyuma ya jiko akicheza. Alikuwa ameokota matunda makavu ya misonobari, akayapanga duara. Ukungu ulimfika kiunoni, alionekana anaelea.

"Shikamoo babu, karibu maji," alinong'ona kwa tunda kubwa, akimimina hewa kutoka kwenye kopo tupu. Kwa la pili: "Bibi, karibu." Kila mahali alipiga magoti. Duara lilipoisha alijifuta viganja kwenye gauni, akaketi, akamega tope, akajifanya anakula.

"Na wewe mbona hujanawa?"

Akanicheka. "Mama na wewe! Mimi si ndo nanawisha."

"Sasa anayenawisha ananawishwa na nani?"

Alifikiri. "Maji yanakuwaga yameisha."

Nikakaa palepale kwenye majani mabichi. Ndani ya ule weupe niliiona nyumba yetu ya Tukuyu, migomba ikidondosha maji, na mdogo wangu Lugano akizunguka na jagi jekundu la plastiki. Alikufa kwa kuhara nikiwa darasa la tatu. Wakubwa walikaa kikao siku mbili, wakamtaja shangazi Roza kuwa mchawi, wakamfukuza yeye na kuku wake. Wote mikono yao ilikuwa safi, wazee wale. Lugano ndiye aliyekuwa akiwanawisha.

Jioni ugali ulipotua mkekani, Goodness akapiga magoti mbele ya baba mkwe wangu, mzee Edmund. Nikamwondolea jagi.

"Leo ataanza yeye kunawa, baba."

Mzee alibaki na mikono hewani. "Tangu lini mtoto akamtangulia babu yake? Ndivyo mlivyofunzwa huko Tukuyu?"

"Mama Goodness, mpe mzee maji bwana," aliguna Didas, mume wangu. "Ugali unapoa."

"Huko Tukuyu tulimzika mnawishaji wetu," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko inavyomfaa mkamwana. "Huyu simziki. Mkikosa wa kuwanawisha, nipo mimi."

Nikamgeukia mwanangu nikamimina.

Hakujua afanye nini. Alikinga viganja pamoja kama anayepewa karanga. Maji yakajaa, yakafurika, naye akayatazama yanavyotetema, taa ikiogelea ndani yake.

"Babu," akauliza, "halafu?"

Mzee Edmund alipasua mbao miaka thelathini. Kila jioni ya Mungu alipambana na utomvu kwenye vidole vyake. Alinitupia jicho, kali bado. Kisha akashusha pumzi, akajivuta mkekani hadi kwenye beseni, akaingiza mikono yake chini ya maji yale yale, kando ya mikono ya mjukuu wake.

"Sugua. Siyo hivyo, hapo unaibembeleza. Hivi. Katikati ya vidole. Haya, na huku nyuma. Sabuni iko wapi? Nyumba gani hii haina sabuni?"

Bibi akainuka kuitafuta. Povu likageuka rangi.

"Kumbe tunaishi na gunia la mkaa humu ndani," mzee alisema, na Goodness akacheka hadi maji yakawarukia wote. Jagi likaisha.

"Didas," mzee aliita bila kuinua kichwa, "lete maji mengine. Mkono wa kushoto bado."