Nyumba Iliyoshonwa kwa Kifungo

Mwaka tuliohamishwa kutoka mlimani, mama yangu aliacha kuitikia shikamoo.

Hakuwa bubu wala kiziwi. Akitaka chumvi alisema, na akinikosoa mshono ndiyo usiseme. Lakini mtu akipita mbele ya nyumba yetu mpya, kando ya barabara ya Mikumi, akasimama kwa adabu na kusema, "Shikamoo, mama," yeye alimtazama kidogo, kisha akarudi kuchambua maharage yake. Shikamoo ikabaki pale mlangoni bila mwenyewe.

"Mama, watu wanakuamkia," nilimwambia.

"Mtu huamkiwa kwake," alinijibu. "Hapa si kwangu. Mimi niko njiani bado."

Njiani! Tulikuwa na nyumba iliyonyooka kwenye mstari na nyingine, na kiwanja kilichopimwa kwa kamba. Mimi Perpetua ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Siku ile nusura nimtikise mama yangu mzazi. Lakini nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kule juu ya Malolo nyumba zetu zilitawanyika kwenye mteremko, kila moja na migomba yake, na zote ziliunganishwa na njia moja iliyopanda kutoka kisimani. Ilipokuja amri ya vijiji vya ujamaa, wengine tuliletwa huku, wengine wakapelekwa kwingine, na wazee kadhaa hawakuumaliza mwaka. Sikatai, huku kuna zahanati na shule iko karibu. Ila ile njia haikupakiwa kwenye lori.

Jirani yetu wa kwanza alikuwa Mwanakheri, mwenyeji wa bonde lile, mwanamke wa umri wangu. Siku tuliyofika alituletea wali na mboga, na kila asubuhi alimwamkia mama. Masika yote alimwamkia. Mwisho akanivuta pembeni.

"Dada Perpetua, mimi nimelelewa," alisema. "Lakini nimechoka kuamkia ukuta. Sitamwamkia tena."

Wengine wakamfuata. Watu walianza kupitia nyuma ya nyumba yetu ili wasilazimike kusimama mlangoni. Balozi wetu wa nyumba kumi, Nikolaus, alikuja kunisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Mama yako ataumwa siku moja," alisema. "Na atakufa, kama sisi sote. Nani atakuja kumzika?"

Mchezo nilioubuni mwaka ule ulianzia kwenye ndoto. Nilikuwa naota nikiipanda ile njia, ndoo kichwani, umande unanilowesha miguu, na kila nyumba niliyoifikia ilikuwa na moshi wake na sauti yake. Nikiamka, kipande kimoja kilikuwa kimeshapotea. Basi nikachukua shuka la amerikani, na kila asubuhi, kabla ya chai, nikashona nilichobaki nacho: njia kwa uzi mwekundu, kisima kwa kiraka cha buluu, na kila nyumba kwa kifungo kimoja. Nyumba ya Mzee Danieli, ya kwanza kutoka kisimani, niliipa kifungo cha mfupa. Nyumba yetu niliipa kifungo cheusi, cha koti la marehemu baba.

Shuka lilipojaa nililitazama nikaona kwamba linachezeka. Ukirusha mbegu nne za ukwaju, zilizokwanguliwa upande mmoja zikawa nyeupe, unahesabu weupe na kusogeza kete yako, mtu mwenye ndoo ya maji kichwani, kutoka kisimani. Ukifika kwenye nyumba unasimama, unamwamkia mwenye nyumba kwa jina lake, unangoja. Bila marahaba huondoki. Ukipita bila kuamkia, maji yamemwagika, unarudi kisimani. Ndivyo tulivyolelewa. Maji ya wote yanaingia mtungi mmoja kule juu kanisani, na ukijaa mchezo umekwisha. Mwenye shuka ndiye anayeitikia kwa niaba ya wenye nyumba. Niliujaribu na watoto wa kijiji wakati mama yuko shambani, wakaupenda, nikauita Njia ya Kisimani.

Kwa hiyo katibu wa tawi aliposoma tangazo la tamasha la michezo ya mezani Kilosa mjini, wiki ya Saba Saba, kwa wachezaji wa wilaya nzima na "wabunifu wa michezo mipya," niliandikisha jina langu kabla hajamaliza kusoma. Mama nilikwenda naye. Hakukuwa na jirani wa kumwachia.

Tulipanda lori la ushirika asubuhi yenye ukungu. Twiga walikuwa wamesimama karibu na barabara, shingo tu zinaonekana, miili imemezwa na weupe. Mama alijifunika khanga mpaka kidevuni. Tulipopita Masanze ukungu ulianza kuinuka kwenye mashamba kidogo kidogo, nami nikasinzia. Nilijiona niko tena kwenye njia yetu, ila safari hii njia ilikuwa inateremka na watu wote wa mlimani walikuwa wanateremka nayo, wamebeba milango yao mikononi. Niliamka tukiwa Kilosa.

Tamasha lilikuwa ndani ya bohari la pamba lisilotumika, karibu na stesheni. Sijapata kuona kitu kama kile. Meza zilipangwa mpaka macho yakachoka, na kwenye kila meza watu wawili au wanne wameinama. Mabingwa wa bao wa Magomeni ya hapo Kilosa walikuwa na upande wao, na kete zao zilianguka mashimoni kwa mlio wa mvua inayoanza. Kulikuwa na drafti za vizibo vya soda, karata, dhumna, keram zilizopakwa unga. Juu yetu nyuzi za pamba za msimu uliopita zilikuwa bado zinaelea, zikiingia kwenye miale ya jua iliyopenya matundu ya bati na kutoka. Watu mamia, na sauti zao zilikuwa chini, kama wote wameambiwa kuna mtoto amelala. Nilijisikia furaha ambayo sikuitarajia. Niliwaza: kumbe tuko wengi, watu wazima wenye akili zetu, tunaochukulia mchezo kuwa jambo zito.

Sisi wabunifu tuliwekwa ukutani. Jirani yangu alikuwa Beda, mkulima wa Masanze, aliyetengeneza mchezo wa kilimo wenye kanuni nyingi mno hata mwenyewe alikuwa anapotea humo. Kila mara alisema, "Ngoja, hapo kuna mbolea," akarudisha kete za watu nyuma. Nilitandika shuka langu mezani. Mama alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, macho kwenye pamba iliyokuwa inaelea.

Mwamuzi mkuu, Bwana Melkizedek, alikuja na kalamu sikioni. Alisikiliza kanuni zote mpaka mwisho.

"Mshindi ni nani?" aliuliza.

"Mtungi ukijaa tumeshinda wote."

"Na kombe nimpe mtungi?" Watu wakacheka, mimi nikanuna. Akalainika. "Haya. Tafuta wachezaji. Mchezo ukifika mwisho mbele yangu, nitauingiza kwenye mashindano. Usipofika, basi."

Walikuja wasichana wawili wa chuo cha ualimu, na wa tatu akawa Stefano, bingwa wa bao wa Magomeni, ambaye alikuwa ameshashinda michezo yake ya asubuhi na alitaka, alivyosema, kupumzisha ubongo. Walirusha ukwaju. Walipanda. "Shikamoo, Mzee Danieli," walisema, nami nikaitikia, "Marahaba." Niliwatajia kila nyumba, wakaiamkia, na baada ya muda hawakuwa wanacheka tena. Msichana mmoja alisahau nyumba ya mkunga wetu Bi Ida, akapita, na wenzake wote wakapiga kelele, "Maji!" Akarudi kisimani ameona haya kana kwamba kweli amemkosea mzee. Uzi mwekundu ulipanda mbele yangu, na nakwambia nilisikia harufu ya majani ya migomba ndani ya lile bohari.

Ndipo Stefano alipofika kwenye kifungo cheusi.

"Hii ya nani?"

"Ya Mama Perpetua," nilisema.

"Shikamoo, Mama Perpetua."

Nilifungua mdomo, nikagundua kosa langu. Wale wengine wote nilikuwa nawaitikia kwa sababu walikuwa wamekufa au wako mbali. Huyu alikuwa amekaa ubavuni pangu, goti lake limegusa langu. Nani anapokea shikamoo ya mzazi wake aliye hai, naye mzazi anasikia? Ni kumzika. Sikuweza. Nikafumba mdomo.

Tulingoja. Msichana mmoja akauliza kama amruke. "Bila marahaba huondoki," Stefano alisema, "si ndiyo kanuni?" Bwana Melkizedek alikuja, akatazama, akaniambia kwa sauti ya chini nimwitikie mchezo uendelee. Nikatikisa kichwa. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Watu waliacha meza zao wakaja kuona mchezo uliosimama. Nilimchukia mama yangu kwa dakika zile, naye nilimpenda, na nilikuwa nimechoka na vyote viwili. Stefano peke yake hakuwa na haraka. Wacheza bao ni watu wa kukaa. Aliweka kidole juu ya kete yake, akainamisha kichwa kidogo, shikamoo yake iko wazi mbele yake, na jua likahama kutoka tundu moja la bati mpaka jingine.

Mama aliinuka kwenye kigoda. Aliinamia shuka, akaifuata njia kwa ukucha kutoka kisimani, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kifungo cha koti la mumewe.

"Unaniamkia na maji kichwani?" alimwambia Stefano. "Shusha kwanza."

Stefano aliilaza kete yake kwa uangalifu.

"Shikamoo, Mama Perpetua."

"Marahaba," mama alisema. "Haya, pita. Watu wa kanisani wana kiu."

Mtungi ulijaa. Bwana Melkizedek aliuingiza mchezo wetu, na alama hatukupata nyingi kwa sababu hatukuwa na mshindi. Kombe la wabunifu lilikwenda kwa Beda na mbolea yake. Sikujali hata kidogo. Mama alikaa mezani mpaka bohari likafungwa, akiwaitikia watu aliokuwa hajapata kuwaona, akiwauliza wametoka wapi na kama ndoo si nzito.

Nilirudi kijijini nimejaa ushindi. Balozi Nikolaus alikuwa wa kwanza kutukuta. "Shikamoo, Mama Perpetua," alisema, kwa kujaribu tu.

Mama alimtazama, akaingia ndani kutafuta maharage yake.

Nilikaa chini pale pale mlangoni, nikacheka, kisha nikalia. Nilikuwa nimedhani amerudi. Kumbe alikuwa amekwenda nyumbani kwake kwa siku moja, juu ya shuka, na sasa yuko njiani tena.

Kesho yake bombani nilimsimulia Mwanakheri kila kitu, kwa hasira, kama vile kosa ni lake. Alisikiliza huku ndoo yake ikifurika.

"Kwa hiyo anaitikia akiwa kwake," alisema.

"Anaitikia akiwa kwake."

"Na kwake ni kwenye hilo shuka."

"Ndiyo." Angecheka ningepigana naye. Hakucheka. Alifunga bomba, akajitwisha maji yake, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata, alipomaliza kufagia kwake, alikuja. Hakusimama mlangoni wala hakusema hodi ya kumsumbua mama. Aliketi kwenye mkeka, mbele ya mama na ungo wake wa maharage, akaniomba shuka. Akaweka kete moja kisimani na kurusha ukwaju.

"Shikamoo, Mzee Danieli," alisema.

Hakuwahi kukanyaga mlima ule. Aliwaamkia mmoja mmoja, marehemu na waliopotea, kwa lafudhi yake ya bondeni, bila kuruka hata nyumba moja, nami nikawaitikia wote. Mikono ya mama ilikuwa imetulia ndani ya ungo.

Kete ilifika kwenye kifungo cheusi.

"Shikamoo, Mama Perpetua."

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu pale pale. Kisha akamtazama usoni kwa muda. "Wewe ni wa nani?"

"Mimi Mwanakheri. Jirani yako."

Mama alilitazama shuka. Upande wa juu wa kifungo kulikuwa na uzi tu, na upande wa chini kitambaa kitupu.

"Jirani wa upande gani?"

Mwanakheri naye alilitazama, akatafuta, asijione. Basi akashika kifungo cha chini cha blauzi yake, akakivuta mpaka kikakatika, akakiweka ubavuni mwa kile cheusi.

"Upande huu," alisema.

Mama alikigusa kwa kidole, akakisogeza karibu zaidi.

"Perpetua," alisema, "lete sindano."