Matundu Matano

Jumamosi asubuhi, baada ya kufua, Efrazia aliweka msumari wa inchi sita kwenye jiko la mkaa na kusubiri uwe mwekundu. Vyombo vya bati alivitoboa kwa nyundo. Vya plastiki vilitaka moto. Matundu matano kila kimoja, manne pembeni na moja katikati, halafu kokoto, halafu udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Chombo kisicho na tundu huozesha mizizi, na Efrazia hakuwa na subira na mizizi iliyooza.

Nyuma ya nyumba yake, pale Gare, kulikuwa na vyombo thelathini na kimoja. Sufuria aliyopikia ugali marehemu mama yake ilikuwa na mchicha, na kila saa sita mchana majani yake yalikuwa ya moto, kama chakula kilichoepuliwa sasa hivi. Birika bovu lilikuwa na mnanaa, nao ulitoa mvuke saa kumi, wakati wa chai. Kopo la biskuti za Krismasi lilitoa vitunguu vya majani vyenye sukari, visivyofaa kwenye mboga yoyote. Poti la mtoto alilipandia maua tu. Mimea ilikumbuka chombo kilibeba nini. Kila mtu Gare alilijua hilo na hakuna aliyelizungumzia, kama ambavyo hakuna anayezungumzia ukungu.

Binti yake Glory, wa darasa la nne, alitumwa kuchuma mchicha kwenye ndoo ya bluu. Mchicha wa ndoo hiyo ulikuwa haujachumwa hata mara moja. Alirudi na jani moja.

"Mama, hili limeandikwa."

Efrazia alifuta mikono kwenye kanga akalisogeza jani kwenye mwanga. Katikati palikuwa na fuvu jekundu na mifupa miwili iliyopishana. Chini yake mistari mitatu, midogo lakini iliyonyooka: *Sumu. Usitie maji wala chakula. Toboa, ufukie*. Aligeuza jani. Upande wa pili palikuwa na tarehe ya kutengenezwa.

Maneno hayo aliyajua. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa karani wa ghala la pembejeo la ushirika, mpaka ghala likafungwa, yeye na wenzake wakapunguzwa kazi. Siku zile madumu matupu ya dawa ya nyanya yalitobolewa na kufukiwa, na yeye ndiye aliyesaini. Sasa ghala lilikuwa duka la Danieli. Danieli aliuza dawa, halafu madumu yakirudi matupu aliyakata juu, akayakwangua karatasi za maelezo, akayatia mishikio ya waya na kuyauza kama ndoo. Hii ya bluu Efrazia aliletewa na jirani yake, Bibi Yunis, akadhani ilikuwa ya mafuta ya kula. Aliiosha kama alivyofunzwa na mama yake, na kama wanawake wote wa huko milimani wanavyoosha: mchanga wa mtoni na majivu, mara tatu, halafu unanusa. Chombo kisiponuka ni safi. Ndoo haikunuka.

"Ndoo yangu ya shule ni kama hii," Glory alisema. "Za wote ni kama hii."

Kila Jumatano wanafunzi walibeba maji ya kupikia uji.

Efrazia aling'oa mchicha wote wa ndoo ya bluu akaufukia, kisha akaenda dukani kwa Danieli na lile jani. Danieli alilisoma mpaka tarehe.

"Limeandikwa vizuri," alisema. "Kwenye dumu lenyewe ilikuwa Kizungu kitupu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mama Glory, watu wanaosha."

"Wanaosha nini? Plastiki imeshakunywa."

"Sasa hivi ni soko huria. Asiyetaka asinunue." Alimrudishia jani. "Wewe una kinyongo na hili ghala tu."

"Ninacho. Lakini ndoo zako zilikuwa na sumu kabla ya kinyongo changu."

Shuleni, Mwalimu Paskali, mwalimu mkuu, alivaa miwani, akalisoma jani, akaongeza nukta iliyokosekana mwishoni kwa kalamu nyekundu na kuliweka kwenye jalada.

"Nimekuelewa, Mama Glory. Lakini watoto watabebea nini maji? Madebe yameadimika."

"Wabebe sufuria."

"Utaratibu ni kila mwanafunzi ndoo moja."

"Basi andika utaratibu mwingine."

"Nitaandika barua," alisema mwalimu, akafunga jalada.

Jumatano Efrazia alibeba jiko lake hadi chemchemi na kuliweka pale njia inapokuwa nyembamba, ambapo hakuna wa kupita pembeni. Alijifunga kanga puani. Watoto walikuja kwa mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama huko upepo unakotokea. Lete ndoo."

Matundu matano, manne pembeni na moja katikati. Moshi ulionuka ghala ulitoka kwenye plastiki, harufu yote ambayo majivu hayakuwahi kuitoa. Alikuwa ameshatoboa ndoo arobaini na tatu Bibi Yunis alipofika na ya kwake kichwani.

"Efrazia, umechanganyikiwa? Mimi naosha mara tatu! Nanusa!"

"Nusa sasa, bibi."

Bibi Yunis hakuhitaji kuinama. Alikohoa, akaishusha ndoo yake, akaikabidhi.

"Toboa. Na mimi nitachotea nini?"

Efrazia alimpa debe lake la mahindi. Lilikuwa zima, na lilikuwa la mwisho.

Siku hiyo shule haikupika uji. Glory, aliyefika na sufuria, alirudishwa nyumbani kwa kutofuata utaratibu. Danieli hakulalamika. Kila aliyetobolewa ndoo alikwenda kwake kununua nyingine, na jioni hiyo aliagiza mzigo zaidi.

Ndoo zilizotobolewa mwalimu alizipanga kwenye njia ya kuingilia shuleni, akazipanda maua. Yalichanua ndani ya siku tatu. Kila ua lilikuwa na fuvu jekundu na mistari mitatu, na lile la mlangoni lilikuwa na nukta mahali pake. Wageni waliokuja kukagua usafi walisoma ua moja moja, wakapiga picha, wakaandika kwamba bustani inavutia na ina mafunzo. Kisha wakanywa uji wa maji ya ndoo mpya.

Jumanne iliyofuata Efrazia alikwenda dukani kwa Danieli.

"Karibu, Mama Glory. Nikupe ndoo?"

"Nipe msumari. Wangu umepinda."

Danieli alimuuzia.

Jumatano ukungu ulikuwa bado chini alipoliweka jiko kwenye njia ya chemchemi. Glory alipuliza mkaa, sufuria yake ikiwa pembeni, imejaa maji. Kwa saa nzima hapakupita mtu. Halafu zikaja ndoo mpya, za bluu, zinang'aa, mstari mrefu kuliko wa wiki iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete ndoo."

Mtoto wa kwanza alikuwa ameshaigeuza, kitako juu.