Ngome Iliyokataliwa Bustanini

Mama mkwe wangu, Pepela, alimtaja mshindi hata mechi haijaanza.

"Tsiuri ndiye atachukua taji," alisema, mikono imejaa unga. "Lamara amezaa juzi tu. Uzazi hula akili, mwanangu. Mimi kabla ya kumzaa mumeo nilikuwa nawafunga chesi wanaume wote kiwandani. Baada yake, nikawa nasahau hata chumvi kwenye maharage."

Wiki zile Tbilisi nzima haikuwa na habari nyingine. Mabinti wetu wawili walikuwa Pitsunda, kando ya bahari, wakigombea ubingwa wa dunia wa chesi wa wanawake. Muuza mkate alikuwa na utabiri wake, na kinyozi naye alikuwa na wake. Karibu wote walisema Tsiuri.

Mimi nilikuwa na Eka, miezi mitano, na mwaka mmoja wa shule ya jioni niliouacha njiani. Nilikuwa nimemwomba Pepela anishikie mtoto jioni tatu kwa wiki nikamalizie.

"Basi tuwaachie Pitsunda waamue," akasema. "Lamara akibaki na taji, nitamlea Eka, wewe nenda kasome. Akivuliwa, kaa na mwanao, na habari hiyo tusiiongee tena."

Tulipeana mikono juu ya ubao wangu wa chesi, ule mama yangu alioukunjia kati ya mashuka nilipoolewa, kama kila mama wa kwetu anavyofanya. Ngome moja nyeupe ilipotea zamani; mahali pake tunaweka kibao cha kuzungushia uzi.

Mchezo wa mwisho Lamara, mwenye vipande vyeupe, alihitaji sare tu. Ukaahirishwa jioni akiwa taabani: ngome, na askari mmoja aliyezibiwa njia, dhidi ya ngome na askari watatu. Kwa desturi ya mchezo, aliandika hatua yake inayofuata kwenye karatasi, ikafungwa ndani ya bahasha hadi kesho yake saa kumi.

Asubuhi tulijaribu kila kitu. Nilikipeleka kile kibao huku na huko, na kila mara Pepela aliwasukuma askari wake weusi taratibu mpaka mwisho.

"Unaona?" alisema. Wala hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Adhuhuri nilitoa madaftari yangu dirishani nikayafunga kwa kamba.

Saa kumi tulikuwa bustanini, chini ya ubao mkubwa uliotundikwa ukutani. Mzee Shalva hupokea hatua kwa simu kutoka Pitsunda, kisha husogeza vipande kwa fimbo ndefu. Akatoka na karatasi, akasoma, akasoma tena, akaisogeza ngome nyeupe mpaka ubavuni kabisa mwa mfalme mweusi. Ya kuliwa bure.

Watu wakaangua kicheko.

"Shalva, umeanza kunywa mapema leo!"

"Simu hiyo ina mafua. Piga tena!"

"Labda ndivyo alivyoandika, kaka. Alikuwa anawaza maziwa."

Shalva aliona haya. Akaivuta ngome nyuma nyumba mbili, pale penye akili, na watu wakampigia makofi.

Mimi sikupiga. Pale penye akili tulikuwa tumepajaribu tukinywa chai, na panashindwa. Nikarudisha macho kule ilikotoka. Eka alikuwa ananivuta nywele. Mfalme mweusi akiila, nikawaza, Lamara anabaki na nini? Askari amezibwa. Mfalme wake yuko pembeni, hatishiwi na mtu, lakini hana nyumba hata moja ya kukanyaga. Hana cha kusogeza. Hiyo ni sare! Na asipoila, ngome itamfuata hatua kwa hatua, ikijitoa iliwe, mpaka wachoke.

"Baba Shalva, irudishe!"

"Nini, binti?"

"Irudishe ulikoisoma. Hakukosea."

"Mnyonyeshe mtoto, dada, utuachie chesi," mtu akasema nyuma yangu.

Pepela aliinua shingo. Alitazama ubao kwa muda, midomo ikisogea bila sauti. Kisha akanyanyua mwavuli wake juu ya vichwa vya watu.

"Shalva! Irudishe, au nipande niirudishe mwenyewe!"

Ngome ikarudi. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Mzee mmoja karibu yetu akavua kofia. Baada ya dakika arobaini simu ililia: Tsiuri amekubali sare.

Watu wale wale walikuwa sasa wanaliita jina la Lamara mpaka njiwa wakaruka. Mimi nilikuwa namfikiria jana jioni, saa inamkimbiza, pengine kifua kimemjaa maziwa, anaandika kwenye kikaratasi kitu ambacho mji mzima ungekisahihisha. Akakifunga, akaenda kumnyonyesha mwanawe.

Pepela alipanda mlima mpaka nyumbani, mwavuli kwapani. Jikoni akapanga vipande, akakiweka kibao cha uzi ubavuni mwa mfalme mweusi, akakila kwa mfalme. Akakirudisha. Akakila tena.

"Nilitabiri vibaya," akasema, akanipokea Eka mikononi. "Na hayo madaftari umeyafungia nini? Yafungue. Huyu hulala kwa wimbo gani?"