Kosa Lililomezwa Kimya

Jumatatu asubuhi friji la chanjo lilikutwa limekufa, chupa zote vuguvugu. King'ora hakikulia. Wakubwa wa zahanati hawakuuliza mara mbili: muuguzi wa zamu alilala. Arudishe funguo.

Muuguzi huyo alikuwa shangazi yake Vidole, na programu ya kulinda friji aliiandika Vidole mwenyewe, binti aliyepewa jina hilo kwa anavyovikimbiza vidole kwenye kompyuta.

"Hukupitiwa na usingizi kidogo, shangazi?"

"Na mgongo huu unavyoniwaka? Nilikaa macho kodo, mwanangu. Hakikulia."

Vidole akaifungua programu. Humo kompyuta huambiwa: jaribu kupima joto, kosa likirushwa, lidake. Kosa la friji kupata joto alilitungia jina lake, JotoLimezidi, akalitegea wavu wake peke yake. Ndani ya wavu huo ndimo alimoweka king'ora.

Juu ya wavu huo kulikuwa na mwingine, wa kudaka kosa lolote na kunyamaza. Aliuweka juzijuzi, bosi wake wa kampuni ya kompyuta alipochoshwa na taarifa za mtandao kukatika. "Zinyamazishe hizo kelele!" Kwa haraka akauweka juu badala ya chini. Na kompyuta haichagui wavu unaofaa zaidi. Huanza na wa juu. JotoLimezidi lilirushwa vizuri tu, likamezwa njiani.

Akamweleza bosi.

"Friji lilikuwa bovu, basi," bosi akasema. "Funga mdomo. Unataka tukose kazi sote?"

Vidole alikwenda zahanati, akamwambia mganga mkuu kila kitu. Mganga alisikiliza bila kuinua macho.

"Muuguzi atarudishiwa funguo. Wewe usiguse tena kompyuta zetu."

Shangazi alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Kitendawili," akasema polepole, kama zamani alipokuwa akimsuka.

"Tega."

"Nina mtoto, nimempa jina, nimempa na mlango wake. Kaja analia, kamezwa kizingitini."

Jibu Vidole alilijua. Akatikisa kichwa tu. Siku nyingine shangazi angedai apewe mji. Leo alimshika tu mkono.

Uani chupa zilikuwa zinamwagwa. Kwenye mabenchi, akina mama walikuwa wanafunga upya mbeleko, wameambiwa chanjo hakuna na haijulikani itakuja lini.