Foleni ya Buluu

Jumatatu mkurugenzi alitangaza mkakati mpya: mwaka huu kampuni ingeuza mfumo wake wa kumbukumbu za wagonjwa kwa hospitali kubwa, na kwa hospitali kubwa tu. Kufikia Ijumaa kila kazi iliyosubiri katika foleni ya timu ilikuwa imebandikwa lebo ya buluu, "Hospitali Kubwa". Hakuna iliyokuwa imefutwa.

Mratibu wa bidhaa, ambaye wajibu wake ulikuwa kuamua nini kitengenezwe kwanza, hakushangaa. Mwaka uliopita lebo zilikuwa za kijani, "Ukuaji", na kabla ya hapo za manjano, ambazo maana yake hakuna aliyeikumbuka. Waprogramu walikuwa wamejifunza kwamba kazi isiyo na lebo ya mwaka hufa, na kila mmoja alikuwa na kazi ambayo hakutaka ife. Kwa hiyo zote zilivalishwa sare mpya. Mratibu alizitazama kwa uchovu wa mtu anayepanga upya kabati lilelile kila mwaka.

Yeye pia alikuwa na ya kwake: "Kufanya kazi bila mtandao". Aliyeiomba ni dada yake, muuguzi katika zahanati ndogo iliyotumia mfumo huo. Mtandao ukikatika, mfumo uligoma. Dada aliandika wagonjwa kwenye karatasi, kisha akabaki baada ya zamu kuwaingiza mmoja mmoja kwenye kompyuta. Waliishi nyumba moja, hivyo mratibu hakuhitaji ripoti kujua siku za mtandao mbovu. Sahani ya dada iliyobaki imefunikwa mezani hadi usiku ilimtosha.

"Kila kitu kinalingana na mkakati," alisema mkurugenzi kikaoni, akiitazama skrini iliyojaa buluu. "Mbona basi hizo hospitali hazituoni?"

"Tumebadilisha nguo, bosi. Hatujaoga," alijibu mprogramu mkongwe aliyeitwa Bwana Baadaye, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi. Wenzake walicheka kivivu.

"Tuzipitie moja moja," alisema mratibu. "Ni hospitali gani iliyotuambia haitasaini bila kazi hii? Nataka jina. Pasipo jina, lebo inatoka na kazi inaondoka kwenye foleni."

Swali hilo alikuwa amelitunga asubuhi, akisubiri maji ya chai yachemke, na kabla hayajachemka alijua litamfikisha wapi.

Walianza. Rangi za vitufe ziliondoka bila ubishi. Ikafuata ripoti ya siku za kuzaliwa za wafanyakazi.

"Hii aliiomba nani?"

"Yule wa mauzo. Alishaacha kazi."

"Basi imfuate."

Kufikia adhuhuri buluu ilikuwa imebaki mabaka mabaka. Ndipo ikafika zamu ya "Kufanya kazi bila mtandao". Wote walimjua dada. Ndiye aliyekuja ofisini kuwachanja.

"Hospitali ya rufaa," alisema Bwana Baadaye upesi. "Walinigusia."

"Nani?"

"Daktari mmoja. Kwenye lifti."

"Hospitali ya rufaa ina laini mbili za mtandao na jenereta. Nimesoma maombi yao yote, hili halimo."

"Mkuu wangu, tuachie hii moja."

"Nikiiacha hii, itabidi niwarudishie na zenu."

Aliitoa mwenyewe. Bwana Baadaye akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Jioni hiyo dada alikuwa amewahi kurudi. Alikaa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Dada, ile kazi yenu haitatengenezwa."

Dada hakuinua macho. "Mwaka huu?"

"Wala mwakani. Kampuni imegeukia hospitali kubwa."

"Kila nilipokuuliza, ulinijibu nini?"

"Kwamba iko kwenye foleni."

"Na ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ila haikuwa inasogea."

Dada aliyakoroga maji kwa kidole cha mguu. "Mkuu wetu wa zahanati alitaka kuajiri karani wa kuingiza kumbukumbu. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Nikamwambia mdogo wangu yuko hukohuko, jambo liko njiani."

Mratibu alivuta kiti akakaa. Hilo hakuwa amelijua. Katika hesabu zake zote, kazi iliyokaa bure kwenye foleni haikuwa imemgharimu mtu kitu.

"Bado anaweza kuajiri?"

"Bajeti ile ilirudishwa. Itabidi aombe upya, na hataomba mpaka aone kwa macho yake kwamba hakuna la kusubiri." Alitoa mguu mmoja, akaufuta polepole. "Niandikie barua ya kampuni. Sema hivyohivyo ulivyoniambia. Usinipambie kwa 'tunajitahidi'. Nimpelekee kesho."

"Umekasirika?"

"Nimechoka. Kukasirika kutasubiri. Andika, mdogo wangu, kabla sijalala."

Mratibu alifungua kompyuta palepale, kando ya masufuria. Alianza: "Tunasikitika kuwajulisha kwamba kwa sasa". Vidole vilikuwa vimeandika "kwa sasa" vyenyewe, kwa mazoea. Aliyafuta maneno hayo mawili, akaendelea.